Kompyuta Imeshuka Kwenye Ndege na Diski Haisomi: Mwongozo Kamili wa Kuokoa Data

Begi limefika bila mkwaruzo. Umeitoa kompyuta, umechomeka waya na kubonyeza swichi. Badala ya picha uliyoizoea kinatokea kioo cheusi chenye maandishi meupe: "No Bootable Device", au "Operating System Not Found". Maana yake mashine imetafuta diski ya kuanzia kazi ikaikosa, au imeipata ikashindwa kuisoma.

Wengi hapo huzima na kuwasha tena, mara ya pili, ya tatu, ya kumi. Tafadhali usifanye hivyo. Ikiwa kichwa cha kusomea kilichomo ndani ya diski kimepinda, kila unapowasha kinaburuzwa juu ya sahani inayozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kinachokwanguliwa pale ni picha za watoto, hesabu za duka, tasnifu uliyoihangaikia miaka mitatu. Mwongozo huu unashika jambo moja tangu mwanzo hadi mwisho: data kwanza, kompyuta baadaye. Kioo, kibodi, hata mashine nzima vina bei dukani. Data yako haiuzwi popote.

Safari ya ndege inaiumizaje diski

Watu huilaumu mashine ya eksirei ya uwanja wa ndege. Haina kosa. Miale ile haifuti data ya diski, wala mlango wa kukagua vyuma hauna sumaku yenye nguvu ya kufanya hivyo. Hewa nyepesi ya angani nayo husingiziwa. Ni kweli vichwa vya diski huelea juu ya sahani vikibebwa na hewa, katika nafasi ya nanomita chache tu, na ndiyo maana watengenezaji wengi huandika kimo cha mwisho cha kuitumia, kwa kawaida karibu mita 3,000. Lakini ndege ya abiria hushindiliwa hewa, kwa watu na kwa mizigo pia, na presha ya ndani hailingani na kimo kinachozidi mita 2,400 hivi. Diski iliyozimwa huruhusiwa hadi karibu mita 12,000.

Kinachoumiza ni pigo. Diski ya inchi 3.5, ile ya kompyuta ya mezani, ikiwa imezimwa huvumilia pigo la takriban G 250 hadi 350, G moja ikiwa ni nguvu ya uvutano wa dunia. Ikiwa inazunguka haivumilii hata 100. Ile ya inchi 2.5 ya laptopu, ikiwa imezimwa, hufika 900 au 1,000, kwa kuwa vichwa vyake huegeshwa pembeni, nje ya sahani kabisa. Namba hizo zinaonekana kubwa, lakini kitu kigumu kikidondoka kwenye saruji kutoka kimo cha kiuno hupata mamia ya G kwa kufumba na kufumbua. Na laptopu nyingi huingia begini hazijazimwa: mwenyewe amefunga kifuniko tu, mashine ikasinzia, ikaamka yenyewe njiani, diski ikaanza kuzunguka wakati begi linarushwa kwenye toroli.

Mtikisiko wa saa nyingi nao hulegeza vilivyochomekwa: waya, RAM, kadi, hata diski yenyewe. Hilo ndilo tatizo la kuombea, kwa sababu tiba yake ni bisibisi na dakika kumi.

Hatua ya 1: Iache ipate joto la chumba

Mashine iliyotoka London mwezi Januari, ikalala kwenye baridi ya sehemu ya mizigo hadi Nairobi, kisha ikashushwa Mombasa, hutoka jasho kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Jasho hilo huwa nje na ndani, juu ya saketi, na diski nyingi zina tundu dogo la kupumulia, lenye kichujio, linalopitisha hewa ya nje. Ukiwasha maji yakiwa bado juu ya saketi, unaweza kuunguza kitu ambacho safari haikukigusa.

Iache chumbani saa sita hadi kumi na mbili, imezimwa, haijachomekwa. Mimi huiacha usiku kucha, hasa Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na Mombasa ambako hewa yenyewe ina unyevu. Usiianike juani wala usiipulizie mashine ya kukaushia nywele.

Hatua ya 2: Kagua umeme kabla ya lolote

Kama kompyuta ya mezani imetoka Marekani, Kanada au Japani, geuza nyuma uangalie pawa saplai. Baadhi, hasa za zamani, zina swichi ndogo nyekundu yenye namba 115 na 230. Kule umeme ni volti 100 hadi 120. Tanzania ni 230, Kenya 240. Swichi ikiwa kwenye 115 na ukachomeka ukutani kwetu, utasikia mlipuko, na pawa saplai ikifa vibaya inaweza kuondoka na saketi ya diski. Isogeze kwenye 230 kwanza. Zisizo na swichi huwa zinajirekebisha zenyewe, lakini soma kibandiko: kiandike 100–240V. Soma pia kwenye chaja ya laptopu na adapta ya diski ya nje.

Hatua ya 3: Fungua, chomoa, chomeka

Chomoa waya wa umeme. Kwenye laptopu ondoa betri, au kama imefungiwa ndani, fungua kifuniko cha chini na uchomoe plagi ya betri kwenye ubao mama, ule ubao mkuu wa saketi. Gusa chuma kisicho na rangi ili umeme tuli wa mwilini uishie hapo.

Kwenye kompyuta ya mezani anza na vizito: feni kubwa ya prosesa na kadi ya picha. Vikiwa vimening'inia au kutoka kwenye nafasi yake, virudishe kabla ya kufikiria diski. Kisha diski. Kebo ya data ya SATA na ile ya umeme zina umbo la herufi L ndani; zichomoe, zitazame kama plastiki imepasuka, zichomeke tena hadi zikae sawa. Kebo za SATA ni bei ndogo, kwa hiyo weka mpya, na uihamishe kwenye tundu jingine la ubao mama.

Laptopu nyingi hushika diski kwa utepe mwembamba wenye kufuli ndogo ya plastiki. Fungua kufuli kwa ukucha, toa utepe, urudishe ukiwa umenyooka. Ikiwa mashine inatumia SSD ya M.2, ile iliyo kama kipande cha ubao, legeza skrubu yake moja, itoe, iingize tena kwa mshazari, ilaze na ukaze skrubu. SSD haina kinachozunguka, na pigo la safari haliitishi kama linavyoitisha diski ya sahani. Ikikataa baada ya ndege, ninashuku tundu lake kabla ya kuishuku yenyewe. Maliza kwa RAM: toa, rudisha.

Hatua ya 4: Washa mara moja, ukisikiliza

Zima redio, funga dirisha, sogeza sikio. Sekunde kumi za mwanzo zinakwambia karibu kila kitu kuhusu diski ya sahani.

Mvumo unaopanda taratibu kisha ukatulia, pamoja na mikwaruzo midogo isiyo na mpangilio, ni afya. Endelea na hatua ya 5.

Mlio wa "tik… tik… tik…" unaojirudia kwa mapigo sawasawa ni vichwa vinavyotafuta njia visiipate. Zima papo hapo kwa kushikilia swichi ya umeme. Hakuna programu duniani inayotibu mlio huo. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya maabara hapa chini.

Mlio mwembamba wa "bii" au mngurumo unaokwama ni mota inayojaribu kuzungusha sahani ikashindwa, mara nyingi kwa sababu vichwa vimenasa juu yake. Hapo utashauriwa uipigepige diski, au uiweke kwenye friza. Usikubali. Friza huleta unyevu uleule tuliousubiri usiku kucha ukauke, na kuipiga ni kuing'oa ngozi ya sahani.

Kimya kabisa, hata mtetemo hakuna ukiigusa, maana yake umeme haufiki au saketi ya chini ya diski imekufa. Jaribu waya mwingine wa umeme, kisha kompyuta nyingine. Ikibaki kimya, usinunue saketi inayofanana na kuibandika ukidhani umemaliza: diski za miaka mingi sasa huhifadhi kwenye chipu ya saketi hiyo vipimo vya diski ile moja tu, na saketi ya diski nyingine haijui kuisoma yako. Fundi mwenye vifaa lazima ahamishe chipu au yaliyomo ndani yake.

Hatua ya 5: BIOS inaiona?

Washa ukibonyezabonyeza kitufe cha kuingilia BIOS, ule ukurasa wa mipangilio ya msingi unaofunguka kabla ya Windows: F2 kwa Dell na Acer, F10 au Esc kwa HP, F1 au F2 kwa Lenovo, Del kwa nyingi za mezani. Tafuta orodha ya diski.

Jina la diski likiwepo na ukubwa sahihi, diski inaongea. Tatizo linaweza kuwa mpangilio tu. Jina likiwepo lakini ukubwa ni sifuri au namba ya ajabu, diski imeshindwa kusoma maelekezo yake ya ndani, na hilo ni la maabara. Isipoonekana kabisa ilhali inazunguka vizuri, itoe uijaribu kwenye kompyuta nyingine, au kwa kebo ya kugeuza SATA kuwa USB. Kumbuka ya inchi 3.5 haitoshelezwi na umeme wa USB. Inataka adapta yake ya volti 12.

Tazama na saa iliyo juu ya ukurasa wa BIOS. Ikiwa inasema mwaka wa zamani, betri ndogo ya duara ya CR2032 kwenye ubao mama imekwisha au imelegea njiani, na mipangilio yote imerudi ya kiwandani. Mmojawapo ni namna SATA inavyofanya kazi. Windows iliyowekwa chini ya AHCI ikikuta RAID au IDE, huanguka kwa ujumbe wa "INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE" wakati diski ni nzima kabisa. Badili betri, rudisha mpangilio kama ulivyokuwa, panga diski yako iwe ya kwanza kuwashia, hifadhi, jaribu. Diski iliyo salama inaweza kuishia jalalani kwa sababu tu hakuna aliyeangalia betri hiyo.

Usikiogope kioo cha buluu cha BitLocker

Ukigusa BIOS au kuhamisha diski, Windows inaweza kuomba ufunguo wa tarakimu 48. Hiyo ni BitLocker, kufuli ya Windows inayoficha data ya diski, ikifanya kazi yake. Laptopu nyingi za Windows 11 hujifunga hivyo zenyewe ukiingia kwa akaunti ya Microsoft, bila mwenyewe kukumbuka kama aliwahi kuruhusu. Kwa simu, ingia kwenye akaunti hiyohiyo ya Microsoft, sehemu ya vifaa vyako, utaukuta ufunguo. Kama mashine ni ya kazini, muulize mtu wa TEHAMA wa ofisi. Usikubali fundi aisafishe diski "ili kuondoa BitLocker"; akiisafisha, data imekwenda.

Hatua ya 6: Toa data, na uitoe vizuri

Hapa ndipo watu wenye diski inayoweza kuokolewa wanaipoteza kwa mikono yao. Windows itakwambia diski inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika: kataa. Itakuuliza kama uianzishe upya: kataa. Na usiendeshe chkdsk. Kazi ya chkdsk ni kunyoosha orodha ya mafaili ili Windows itulie, na kwenye diski inayokufa hulazimisha kusoma kila kona, ikikata na kutupa isichokielewa. Ina wakati wake, baada ya kunakili.

Tafuta flashi ya GB 8 au zaidi, na kwenye kompyuta nyingine uiandikie Ubuntu, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, kwa programu ya Rufus. Washa mashine kwa flashi hiyo, chagua kujaribu Ubuntu bila kuiweka. Unganisha intaneti, fungua dirisha la amri, andika:

sudo apt install smartmontools gddrescue testdisk

Zikikosekana, washa kwanza hazina ya programu iitwayo universe. Kisha:

lsblk

Hii inaorodhesha diski zote na ukubwa wake. Tambua ipi ni ya ugonjwa na ipi ni ya kupokea nakala, uandike kwenye karatasi. Kuzichanganya ndilo kosa lisilorudi nyuma katika kazi hii yote. Tuseme ya ugonjwa ni sdb:

sudo smartctl -a /dev/sdb

Diski yenyewe itakueleza hali yake. Soma safu ya mwisho ya mistari michache. Namba 5 ni vipande vibovu ambavyo diski imevihamisha, 197 ni vile inavyovishuku, 198 vile ilivyoshindwa kuvisoma. Vyote vikiwa sifuri, tumaini ni kubwa. Namba 197 na 198 zikiwa na makumi au mamia, sahani au vichwa vimeumia. Namba 199 ikiwa kubwa peke yake, laumu kebo. Baadhi ya diski zina namba 191, inayohesabu mitikisiko iliyoipata ikifanya kazi. Ikiwa juu, unajua laptopu haikuwa imezimwa njiani. Kwenye Windows, CrystalDiskInfo huonyesha mambo hayahaya kwa alama 05, C5, C6, C7 na BF.

Diski ikiwa safi, fungua folda zake na unakili, ukianza na kile ambacho ukikikosa utalia: hati, picha, hesabu, kisha mengine. Filamu na programu ziwe za mwisho.

Diski ikiwa na vipande vibovu, usinakili faili moja moja. Nakili diski nzima kwa ddrescue, programu inayochukua kwanza sehemu rahisi na kuziacha ngumu kwa baadaye, ili diski ikifia njiani uwe umeshapata kingi. Unahitaji diski nyingine isiyo na tatizo, yenye nafasi kuzidi ile ya ugonjwa, iliyofomatiwa kwa exFAT au NTFS. FAT32 haipokei faili linalofika GB 4. Tuseme inaitwa NAKALA:

sudo ddrescue -d -n /dev/sdb /media/ubuntu/NAKALA/diski.img /media/ubuntu/NAKALA/diski.map

Hakikisha njia hiyo ndiyo iliyopo kwenye mashine yako. Faili la diski.map ni daftari la kazi: umeme ukikatika, rudia amri ileile, itaendelea ilipoishia. Ikimaliza, pitia sehemu ngumu mara tatu:

sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb /media/ubuntu/NAKALA/diski.img /media/ubuntu/NAKALA/diski.map

Inaweza kuchukua saa, inaweza kuchukua siku. Laza diski mahali imara, ielekeze feni ya kawaida, chomeka UPS kama unayo. Ukisikia "tik" inaanza katikati, simamisha na uzime.

Baada ya hapo diski ya ugonjwa ipumzike. Kazi yote inayofuata ifanye juu ya diski.img: testdisk hurejesha mgawanyo uliopotea na kukuruhusu kunakili folda zenye majina yake, na photorec huchimba mafaili kwa aina zake, bila majina, pale ambapo orodha imeharibika kabisa.

Angalizo kwa diski za nje: baadhi, zikiwemo nyingi za WD My Passport, zina tundu la USB lililounganishwa moja kwa moja kwenye saketi, na data hufichwa na saketi hiyo. Kuivunja kava ukitumaini kukuta SATA ndani hakukusaidii.

Hatua ya 7: Sasa ndiyo utengeneze kompyuta

Data ikiwa mahali pawili, uko huru. Diski safi iliyokataa kuwasha Windows, tumia flashi ya Windows na sehemu yake ya kutengeneza uwashaji. Chkdsk sasa inaruhusiwa. Iendeshee pia jaribio refu, sudo smartctl -t long /dev/sdb, na usome matokeo kesho yake. Yenye vipande vibovu vinavyoongezeka usiirudishe kazini hata kwa kuhifadhi muziki. Weka SSD. Leseni ya Windows 10 au 11 ya mashine hiyo kwa kawaida hujitambua yenyewe, kwani imefungamana na ubao mama.

Ikibidi kwenda maabara

Kariakoo ya Dar es Salaam na Luthuli Avenue ya Nairobi kuna mafundi hodari sana wa ubao mama, chaja na vioo. Kufungua diski ni kazi nyingine. Inahitaji chumba chenye hewa iliyochujwa, kwa sababu chembe moja ya vumbi ni kubwa mara nyingi kuliko nafasi iliyopo kati ya kichwa na sahani, na inahitaji vichwa vya diski nyingine ya modeli ileile. Kabla ya kumwachia mtu, muulize anaifungulia wapi, vichwa atavitoa wapi, na kama unalipa iwapo hakuna kilichopatikana. Akianza kulegeza skrubu mbele yako kwenye meza ya duka, chukua diski yako uondoke. Ikibidi kuituma, iweke kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli, zungushia sponji sentimita tano kila upande, na uandike kwenye karatasi kila ulichojaribu. Usifiche kitu, fundi anayejua ulichofanya huanza mahali sahihi.

Kama begi lilipitia mizigo na unataka kudai, piga picha kabla ya kufungua chochote na ripoti uwanjani. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, unaohusu safari nyingi za kimataifa, malalamiko ya mzigo ulioharibika yanatakiwa kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu uupokee. Mashirika mengi hujitoa kwenye masharti yao kuhusu vifaa vya elektroniki, lakini bila maandishi hata mazungumzo hayaanzi.

Kabla ya safari ijayo

Nakili data mara mbili: diski moja iende nawe, nyingine ibaki nyumbani au mtandaoni. Laptopu ipande nawe ndani ya ndege, chini ya kiti cha mbele. Izime kabisa kwa kushikilia Shift ukichagua kuzima, na usubiri taa zote zife kabla ya kuitia begini. Kompyuta ya mezani, toa diski uibebe mkononi. Toa na kadi ya picha. Ufunguo wa BitLocker uuandike kwenye karatasi na uiweke mbali na kompyuta, pamoja na pasipoti.